Breki za Shukurani

Mguu wa kulia wa Kitwana ulikuwa umekanyaga breki mpaka ukagota kwenye bati la sakafu, na lori halikuwa na habari kama limekanyagwa. Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na najua wapo walioninunia wiki nzima kwa kuwaacha juu ya mteremko wa Kisarawe pamoja na abiria ishirini na wawili. Haya, tushuke nao.

Akakanyaga mara ya pili, mara ya tatu. Hewa tupu. Akavuta breki ya mkono. Ikalia kama mbuzi, kisha ikalegea.

Nyuma kwenye mabenchi wanawake waliokuwa wanakwenda harusini Pugu walizidisha vigelegele. Walidhani dereva amepagawa na nyimbo zao.

Mbele, upande wa kushoto, aliketi Mzee Mwinyimadi, karani mstaafu wa boma na kaka wa mwenye lori. Alikuwa ameubana mwavuli wake katikati ya magoti.

"Kitwana," akasema, "mbona unakwenda kama uliyeiba?"

Kitwana akalazimisha gia ya pili. Zikasagana, zikaingia, lori likaguna na kupunguza mbio kidogo tu. Wimbo ukakatika nyuma, na mahali pake ikaja shahada. Kushoto korongo. Kulia lundo la kifusi kilichomwagwa na watu wa barabara wiki ile ile. Akazungusha usukani kulia, akafumba macho, akasema Bismillahi.

Vumbi lilipotua, lori lilikuwa limezama kwenye kifusi mpaka taa. Abiria mmoja mmoja wakajipapasa, wakajikuta wazima. Aliyeumia alikuwa mmoja tu. Mzee Mwinyimadi alikuwa amekaa, ameutazama mguu wake wa kushoto ambao chini ya goti ulikuwa umeelekea kusikostahili.

Basi, kama mlisubiri dereva apigwe mawe, subirini tena. Wale wanawake walimshusha Kitwana kama bwana harusi. Huyu alimpepea kwa khanga, huyu alimnywesha maji, bibi mmoja wa Vihingo akamshika mikono yote miwili akaibusu, akasema bila ya mikono hii wajukuu zake wangekuwa mayatima leo.

Kitwana akaivuta mikono yake akaificha nyuma. Ilikuwa mikono ile ile. Siku tatu kabla ilikuwa imefanya jambo ambalo bibi yule angelijua angeitemea mate.

Wewe ambaye hukulipata gazeti wiki mbili zilizopita, sogea nikunong'oneze.

Lori hilo linaitwa Shukurani, na ni mali ya Bi Mwanamkuu, mjane wa marehemu Shomari wa Kisarawe. Marehemu alilinunua jipya kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam, na siku anakata roho alimwachia mkewe usia mmoja: lori lisiguswe na mkono mwingine ila wa kampuni iliyoliuza. Kila mwezi wa nane Bi Mwanamkuu hufungua kasha, akamkabidhi Kitwana shilingi mia mbili na arobaini, na lori likaenda Dar kukaguliwa na kufungwa breki upya.

Kwa fedha hizo unapewa kiti cha kungojea na fundi mwenye ovaroli jeupe lisilochafuka, kwa sababu wanaochafuka wako uani. Mwisho wanakupigilia kibati kidogo chini ya usukani, chenye tarehe.

Sasa kule Mlandizi yuko Saburi. Fundi wa banda la mabati na shimo alilolichimba kwa jembe, ufundi ameupatia kwenye malori ya jeshi huko Burma. Kazi ile ile, breki zile zile, shilingi sitini. Watu wa Gwata na Kwala wanampelekea kila kitu chenye gurudumu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Mwaka huu Kitwana hakwenda Dar. Alikata njia ya vumbi ya Vihingo, akatokea Mlandizi, akamkabidhi Saburi lori na shilingi zake sitini. Kibati cha mwaka jana akakibandua, akakisugua kwa majivu na limau mpaka kikang'aa, akakipigilia tena palepale. Bi Mwanamkuu hajui kusoma. Anajua kung'aa.

Na zile mia na themanini? Subira. Saburi ana mdogo wake wa kike, Mwanakheri, mchumba wa Kitwana, na tangu baba yao afariki yeye ndiye mwozeshaji wake. Fedha zile zilipita kwa mshenga zikaingia mikononi mwa Saburi, mahari ya Mwanakheri, kamili. Saburi alizipokea kwa mikono miwili. Alimwambia mshenga, mwambie shemeji amejibana kiume. Harusi ni Ijumaa ijayo.

Hata hapo, msomaji, Kitwana alikuwa analala usingizi. Alijiambia kazi imefanyika na breki ni breki. Kilichomwondolea usingizi ni jambo la pili, nalo ni dogo kama tone.

Saburi hujaza breki mafuta ya mbarika anayoyachanganya na spiriti mwenyewe, na alimwonya: yakipungua ongeza haya haya, chupa hii hapa, usitie oili ya injini hata kwa kulamba. Siku tatu kabla ya ajali Kitwana akafungua kifuniko uani kwa Bi Mwanamkuu, akaona yamepungua. Akaitoa chupa chini ya kiti. Mara Bi Mwanamkuu akatoka ndani na kikombe chake cha kahawa.

Harufu ya mbarika kila mtu anaijua. Nani hakubanwa pua utotoni akanyweshwa? Kitwana akaiona aibu inakuja na kikombe mkononi. Akairudisha chupa, akatwaa kopo la oili lenye muhuri wa kampuni, akamimina.

Bi Mwanamkuu akatabasamu. Akasema hayo ndiyo mafuta ya marehemu wangu.

Na moyoni, hili ndilo linalomchoma zaidi, Kitwana alijiambia kwamba oili ya Wazungu iliyofungwa kwenye kopo haiwezi kuwa mbaya kuliko dawa ya kuendeshea watoto matumbo. Rafiki yake alimwambia wazi, naye akaliamini kopo.

Sasa twende kwenye kilio kisichokuwa kilio.

Ijumaa, kesho yake ajali ile, baada ya sala, nyumba ya Bi Mwanamkuu ilijaa mpaka watu wakakalia vinu. Ilisomwa dua ya kushukuru, likapikwa pilau, na kila aliyekuwemo kwenye lori akawa na ajali yake ya kusimulia. Mzee Mwinyimadi alilazwa sebuleni juu ya kitanda cha kamba, mguu umefungwa magango, akipokea pole kama anayepokea kodi. Kitwana aliwekwa karibu yake, kwenye zulia la heshima, na kila sinia lilianzia kwake.

Hapo ndipo alipoingia Mashaka. Mnyamwezi huyu mpasua mbao amelowea Kisarawe tangu enzi za Mjerumani, na kwa nyumba ile ni mtani. Mnajua mtani akiingia kwenye msiba anavyopewa ruhusa: hasemwi, hakasirikiwi, na hata maiti akimtania, wenye maiti wanacheka.

Alisimama mlangoni, akaangua kilio cha uongo, kisha akanyamaza ghafla akawatazama mmoja mmoja.

"Nimeacha msumeno wangu nije kuwazika," akasema, "nakuta mnakula. Wazaramo nyinyi hata kufa hamwezi mpaka mtu awaoneshe."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mashaka akanyakua sinia tupu akaligeuza usukani, akaketi juu ya kinu, akaanza kumwigiza Kitwana anavyoteremka: macho yamemtoka, mguu unatafuta breki kama anayetafuta kiatu gizani. Akamwiga na Mwinyimadi na mwavuli wake. Mwinyimadi mwenyewe alicheka mpaka mguu ukamkumbusha.

Kisha Mashaka akamsogelea Kitwana, akamwinamia.

"Niambie mimi mtani wako. Breki umeziuza uoe, eeh?"

Watu wakajigaragaza. Kitwana akataka kucheka nao. Kijasho kikamshuka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola.

Mashaka alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Akautazama uso ule, akaliweka sinia chini polepole, akaenda kukaa pembeni na hakutania tena siku ile. Mtani akinyamaza nyumbani kwako, ujue ameona kitu.

Bi Mwanamkuu hakuona. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na kofia ya viua mikononi, iliyoshonwa kwa mkono, ya marehemu Shomari. Akasema maneno machache, kwamba hakuzaa mtoto wa kiume lakini jana Mungu amemwonesha kuwa anaye. Akamvika Kitwana kofia ile. Wanawake wakapiga vigelegele. Kitwana aliiona nzito kama tofali.

"Sasa," mama akaendelea, "nina shauri na kampuni."

Akaeleza. Miaka yote anawacheka wanaomwambia apeleke lori kwa mafundi wa vichochoroni. Amelipa ghali kusudi watoto wa watu wafike salama. Na lori lililotoka kwao juzi tu linakosa breki? Kesho kaka yake atamwandikia barua Bwana Shauri, Mzungu wa boma, na kibati chao ndicho shahidi. Akakichomoa kwenye pindo la khanga. Alikuwa amekibandua mwenyewe jana jioni pale kwenye kifusi, kwa kisu cha jikoni.

Kitwana akanyoosha mkono. "Mama, nipe nikuwekee."

Amechelewa. Kibati kilikuwa tayari mkononi mwa Mwinyimadi, na miwani ilikuwa njiani kuelekea puani.

Karani ni karani hata mguu ukivunjika. Alisoma kimya, akakigeuza, akakisugua kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Dada," akasema, "hii ni tarehe ya mwaka jana."



Bi Mwanamkuu hakupaza sauti. Alimgeukia Kitwana na uso wa mtu anayeuliza jambo la kawaida, kama chumvi imewekwa wapi.

"Lori langu lilikwenda wapi, mwanangu?"

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea, na Kitwana aliuona. Angesema yote palepale, yangekwisha. Badala yake akasema nusu. Wapo wanaoona nusu ya kweli ni hatua ya kwanza; siku ile ilikuwa shimo.

"Nilipeleka Mlandizi, mama. Kwa Saburi."

Nyumba ikachemka. Ghafla kila mtu alikuwa anamjua Saburi tangu zamani. Mmoja akakumbuka baiskeli aliyoitengeneza ikatoka mnyororo. Mwingine, aliyemsifu Saburi mpaka juzi, akasema yeye alishasema fundi gani anajaza breki kwa dawa ya tumbo. Bibi wa Vihingo akaapa kwamba mtu kama yule angewaacha wajukuu zake mayatima huku anawajua kwa majina.

Kitwana aliyasikiliza yote na kofia kichwani. Kila jina baya walilompa Saburi aliliona linapita juu ya Saburi linatua kwake, lakini hakuna aliyeona isipokuwa yeye na, pengine, Mashaka.

Mwinyimadi akaomba karatasi na wino. Barua ingekwenda kwa Bwana Shauri vilevile, ila jina lingebadilika. Mtu wa kampuni angelipa faini. Fundi wa banda la mabati angekwenda jela, na shimo lake lingefukiwa.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Ilikuwa ya Saburi.

Habari zilimfikia Mlandizi usiku kwa wachoma mkaa, naye alfajiri akapanda baiskeli. Hakuanzia nyumbani kwa Bi Mwanamkuu. Alianzia kwenye kifusi, akalala chini ya lori, akafungua. Sasa alisimama kizingitini, mavumbi mpaka kwenye kope, mkononi ameshika kikombe cha bati na kitu kidogo cheusi.

Akamwamkia Bi Mwanamkuu, akamwamkia Mwinyimadi akampa pole ya mguu. Shikamoo zake ziliitikiwa kwa ncha ya ulimi. Akamtazama Kitwana, akaitazama na kofia.

"Mipira ya breki imevimba," akasema, akakinyoosha kile kitu cheusi. Kilikuwa kimetutumka kama andazi. "Mafuta yamechanganyika yasiyopatana. Yanakula mpira, na mpira ukishavimba, breki zinajibana, zinaungua, zinakufa."

"Breki hizi alizifunga nani?" Mwinyimadi akauliza, kalamu mkononi.

"Mimi."

"Na mafuta alitia nani?"

Saburi alikinusa kikombe. Alikwisha kukinusa kule barabarani, na pua ya Saburi inajua oili ya injini na mbarika kama wewe unavyojua mama yako na shangazi yako. Alijua. Kitwana aliona kwamba amejua, maana Saburi aliacha kabisa kumtazama.

"Nimetia mimi," akasema.

"Yote?"

Akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Yote, mzee. Kitwana ni dereva tu. Kosa ni langu."

Mtaniuliza kwa nini. Mtu anafikiri harusi ya mdogo wake ni Ijumaa ijayo, na khanga zimeshagawiwa, na bwana harusi akitiwa ndani msichana atabaki na henna mikononi na maneno ya watu mgongoni. Saburi alipiga hesabu hiyo palepale, akaona jela yake mwenyewe ni nyepesi.

Mwinyimadi hakuandika. Alikaa boma miaka ishirini na sita akisikiliza watu wanavyokubali makosa, na hili la mtu kuja mwenyewe kwa baiskeli kulichukua halikumwingia.

"Utaapa," akasema. "Ushike Msahafu, useme hayo hayo. Ndipo niandike."

Bi Mwanamkuu akaufuata Msahafu chumbani, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Saburi akaomba maji. Huwezi kuushika na mikono ya oili. Akaoneshwa birika, akatoka uani kutia udhu.

Watu wakangoja. Sebuleni pote hapakuwa na sauti ila ile ya maji. Anaosha viganja. Anasukutua. Anaosha uso. Kitwana alizihesabu zote, mara tatu tatu. Alijua kinachofuata: mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, mkono wa kushoto, kichwa, masikio, miguu. Kisha rafiki yake ataingia msafi kabisa, ataweka mkono juu ya Kitabu, na ataapa uongo kwa ajili yake. Jela ina mwisho. Kiapo kile kingemfuata Saburi mpaka kaburini, na Kitwana angekuwa anakula wali wake Iddi kwa Iddi akiitwa shemeji.

Maji yakakoma. Saburi akaingia, mikono ameiinua kidogo, inachuruzika. Mwinyimadi akakifungua kile kitambaa cheupe.

"Saburi, usiape."

Sauti ilikuwa ndogo hata Kitwana mwenyewe alidhani hakusikika. Lakini sebule nzima iligeuka.

"Kaa kimya, shemeji," Saburi akasema.

"Usiape. Oili nilitia mimi." Akaivua kofia ya marehemu, akaiweka juu ya zulia mbele yake. "Aliniambia nisitie. Alinipa na chupa. Niliionea haya harufu ya mbarika, mama, ulikuwa unatoka na kahawa yako. Nikatia ya kopo. Ukafurahi."

Akaeleza mpaka mwisho, maneno yakamtoka ovyo. Alipofika kwenye mguu wa Mwinyimadi akauruka, akarudi akausema. Hakuna aliyemkatiza. Bibi wa Vihingo alijifunika uso kwa ushungi. Saburi alisimama palepale, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu aingie, yalishuka.

Alipomaliza, Kitwana alijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile uani. Alidhani amemaliza.

Bi Mwanamkuu aliinama, akaiokota kofia ya mumewe, akaipangusa mavumbi ambayo haikuwa nayo.

"Fundi," akamwita Saburi, "kazi yako nilikulipa ngapi?"

"Sitini, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kusoma hajui, lakini ameuza nazi na korosho Kisarawe miaka thelathini.

"Mimi nilitoa mia mbili na arobaini," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalijaa. "Zilizobaki ziko wapi, mwanangu?"

Kitwana aliinua kichwa. Hakumtazama mama. Alimtazama Saburi, aliyesimama katikati ya sebule na ile mikono yake miwili aliyozipokelea fedha za mahari, bado inadondosha maji ya udhu. Saburi alikuwa anamtikisia kichwa kumtia moyo, kama anayemwambia: sema tu, shemeji, la kuogopesha umeshalimaliza.